Safari ya Neno Refu la Matabibu

Liko neno moja la Kiingereza ambalo mwanafunzi akilikuta kwa mara ya kwanza hudhani kwamba mpiga chapa amesahau kuacha nafasi baina ya maneno. Neno lenyewe ni otorhinolaryngological. Lina herufi 22. Ni kivumishi, na kazi yake ni kueleza kitu chochote kinachohusu elimu ya maradhi ya masikio, pua na koo: chumba cha uchunguzi, chombo cha daktari, jarida la wataalamu au upasuaji. Msomaji mwenye haraka huliruka kama mtu arukavyo mfereji, akatua upande wa pili bila kujua alichokiruka. Simlaumu sana, maana neno hili lina sura ya kutisha. Lakini halikutungwa na mtu mmoja kwa siku moja ili kuwatia hofu watoto wa shule. Limejengwa kipande kwa kipande, kama nyumba ya ukoo ambayo kila kizazi huongeza chumba chake.

Tuanze na kulitamka. Neno hili lina silabi kumi: o-to-rhi-no-la-ryn-go-lo-gi-cal. Mkazo mkuu huangukia silabi ya nane, lo, ambayo ni ya tatu ukihesabu kutoka mwisho. Silabi za o, rhi na la hupata mkazo mdogo, na zilizobaki hupitiwa upesi, baadhi yake mpaka irabu zikafifia. Hapa ndipo ulimi wetu unapoteleza. Sisi tumezoea mkazo ukae katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kila irabu ipate haki yake kamili. Basi tukilitazama neno hili tunataka kuikaza gi. Tena tunataka kuitamka ile h iliyo katika rhi, nayo haitamkwi hata kidogo. Wayunani wa kale, ambao nchi yao leo twaiita Ugiriki, walikuwa wakitoa pumzi kidogo kila neno lilipoanza kwa r, na Warumi walipoyaandika maneno hayo kwa herufi zao wakaitia h kuwa alama ya pumzi hiyo. Pumzi imekwisha kufa, h imebaki, kama kigingi cha hema lililong'olewa zamani.

Sasa tulifungue. Oto hutoka katika neno la Kiyunani ous, maana yake sikio, ambalo likibadilika katika sentensi huwa otos. Rhino ni pua. Yule kifaru wa mbuga zetu Waingereza humwita rhinoceros, yaani mwenye pembe puani, kwa neno hilo hilo la Kiyunani. Laryng hutoka katika larynx, kile kisanduku cha sauti kilicho juu ya njia ya pumzi, ambacho kwa Kiswahili huitwa zoloto. Kikoromeo unachokiona kikipanda na kushuka shingoni mwa mwanamume anapomeza maji ni ukuta wa mbele wa kisanduku hicho. Log ni logos, yaani neno, hoja au elimu. Mwisho huja viambishi viwili, ic na al, na vyote viwili kazi yake ni moja, kufanya kivumishi. Cha kwanza ni cha Kiyunani kilichopitia Kilatini, cha pili ni cha Kilatini chenyewe. Kimoja kingetosha, lakini Kiingereza kimevaa koti juu ya koti.

Baina ya vipande hivyo imepita irabu o, ambayo ni kama uzi wa kushonea. Kipande kinachofuata kikianza kwa irabu, uzi hauhitajiwi, nao huondolewa: ndiyo maana ugonjwa wa zoloto unaomkausha mtu sauti huitwa laryngitis, bila o. Na hapo hutokea jambo jingine ambalo sikio la Mswahili hulitambua mara moja. Katika laryngology, herufi ng husikika kama katika neno nguo. Katika laryngitis husikika kama nj ya njaa. Mzizi ni ule ule, maandishi ni yale yale, bali sauti imebadilishwa na irabu iliyo jirani.

Yamkini msomaji ataniuliza kuna faida gani kukijua kila kipande. Nitamjibu kwa vivumishi vingine viwili vya hospitali: hypoglycaemic na hyperglycaemic. Vyote viwili vinataja sukari iliyo katika damu. Hypo ni chini, hyper ni juu. Mgonjwa wa kwanza sukari yake imepungua mno, naye huhitaji kupewa sukari bila kukawia. Wa pili sukari yake imezidi, na huenda akahitaji insulini. Mtu akimpa insulini yule wa kwanza, anaweza kumwua. Na katika kinywa cha Mwingereza, ambaye r ya mwisho wa silabi aghalabu huimeza, tofauti ya maneno haya mawili ni irabu moja tu: haipo na haipa. Hapa mwanafunzi anayejua Kiswahili amepata bahati ambayo Mwingereza hana, maana lugha yake mwenyewe inamkumbusha: hypo, sukari haipo.

Turudi kwenye neno letu, tuone lilikotoka. Wayunani hawakulijua. Walikuwa na matofali, hawakuwa na nyumba. Tofali kubwa kuliko yote, larynx, lilipata heshima katika mikono ya tabibu mmoja aitwaye Galen, aliyezaliwa Pergamon katika mwaka 129, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akaenda kufanya kazi Rumi hata akawa tabibu wa makaisari. Wakati ule wako wanazuoni waliofundisha kwamba sauti na fikira za mwanadamu hutoka moyoni. Galen aliwakusanya watu, akamfunga nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, kisha akamkata neva zinazokwenda kwenye zoloto. Nguruwe akanyamaza. Alikuwa hai, moyo wake unapiga, kinywa chake kiko wazi, lakini sauti haikutoka. Ikadhihirika kwamba amri ya sauti hushuka kutoka ubongoni. Jaribio hilo lilikuwa la ukatili, na leo lisingeruhusiwa kufanywa hivyo hadharani. Lakini neva ile ingali ikiwahangaisha wapasuaji. Hushuka mpaka kifuani, ikapinda, ikarudi juu shingoni, ndipo ikafika kwenye zoloto. Mpasuaji wa shingo akiikata kwa bahati mbaya, mgonjwa wake huenda akabaki na sauti ya kukwaruza.

Galen alikaa Rumi lakini aliandika kwa Kiyunani, na vitabu vyake vilikuwa vingi mno. Kwa sababu hiyo Kiyunani kilishika elimu ya utabibu kama mizizi ya mkuyu ishikavyo ukuta. Hata hivyo, njia ya kutoka kwake mpaka kwetu haikunyooka. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivifasiri vitabu vya Galen kwa Kisiria na kwa Kiarabu. Katika karne ya 11 na ya 12 watu wa Ulaya walivipata tena kwa kufasiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, huko Monte Cassino katika Italia na Toledo katika Hispania. Kiarabu hicho hicho, kwa njia ya bahari na biashara, ndicho kilichotupa sisi wa pwani maneno tabibu, tiba na matibabu. Baadaye, katika karne ya 16, wanazuoni wa Ulaya walitaka kumsoma Galen kwa lugha yake. Vitabu vyake vikachapwa kwa Kiyunani mjini Venice mwaka 1525, na maneno mengi ya Kiarabu yakafagiliwa nje ya elimu ya mwili. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa shukrani ndogo kwa watu waliotunza vitabu hivyo kwa karne nyingi. Machache yalisalia, kama nuchal, kivumishi cha kisogo, ambacho asili yake ni neno la Kiarabu la uti wa mgongo. Maana yake ilihama njiani.

Tangu hapo ikawa desturi: kitu kipya kikigunduliwa, jina lake hutafutwa katika lugha hizo mbili za kale. Zilikuwa na faida ya kutokuwa mali ya taifa lolote, na tabibu wa Vienna na tabibu wa London waliweza kuelewana.

Lakini zoloto lenyewe lilibaki gizani. Kwa karne nyingi matabibu walilijua vizuri kwa kuwapasua maiti. Zoloto la mtu aliye hai, likifanya kazi yake, ni wachache waliojaribu kulitazama kwa vioo, wasifanikiwe sana. Aliyefanikiwa hakuwa tabibu. Alikuwa mwalimu wa kuimba, Mhispania aliyekaa London, jina lake Manuel García, aliyezaliwa mwaka 1805. Alitaka kujua sauti anayoifundisha hutengenezwaje. Mwaka 1854, alipokuwa akitembea Paris, likamjia wazo la kutumia vioo viwili. Akanunua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha kutazamia meno, akakipasha moto kisifunikwe na mvuke wa pumzi, akakiweka nyuma ya kinywa chake mwenyewe. Kwa kioo cha pili alichokishika mkononi akautupa mwanga wa jua ndani. Akaona kanda mbili za sauti zikifunguka na kufungika. Mwaka uliofuata habari zake zilisomwa mbele ya Royal Society ya London.

Matabibu hawakushangilia mara moja. Mwaka 1857 Ludwig Türck wa Vienna alianza kutumia kioo cha namna hiyo kwa wagonjwa wake, akitegemea jua. Majira ya baridi yalipofika na mawingu yakatanda, akakiweka kando. Johann Czermak akaviazima vioo vyake, akatumia mwanga wa taa badala ya jua, akafaulu. Kisha wakagombana vikali juu ya nani aliyetangulia, huku yule mwalimu wa kuimba akiendelea kufundisha nyimbo zake. Chombo hicho kikaitwa laryngoscope, yaani kitazamio cha zoloto. Baada ya chombo ikaja elimu, laryngology. Na mwaka 1870 Vienna ikafungua kliniki ya kwanza duniani ya elimu hiyo, chini ya Leopold Schrötter. Baada ya elimu kikaja kivumishi chake, laryngological.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, ayatamke maneno hayo manne kwa sauti. Katika larynx mkazo uko silabi ya kwanza: LA-rynx. Katika jina la chombo uko ya pili: la-RYN-go-scope. Katika jina la elimu uko ya tatu: la-ryn-GO-lo-gy. Katika kivumishi umefika ya nne: la-ryn-go-LO-gi-cal. Mzizi haukubadilika, lakini kila kilipoongezwa kipande, mkazo ulipiga hatua moja kwenda kulia. Sababu yake ni kwamba katika Kiingereza miisho kama logy na ical huuvuta mkazo mpaka silabi ya tatu kutoka mwisho. Kwetu pia mkazo hutembea, ila kwa sheria iliyo nyepesi zaidi: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Anayejua kwamba mkazo wa Kiswahili hufuata mwisho wa neno hana haja ya kushangaa akiona wa Kiingereza nao ukivutwa na mwisho.

Elimu ya zoloto ilikuwa changa bado ilipopata mtihani mbele ya dunia nzima. Mwaka 1887 Friedrich, mrithi wa kiti cha enzi cha Ujerumani, alipatwa na ukwaruzo wa sauti usiokwisha. Madaktari wa Kijerumani walidhani ni saratani, wakataka kumpasua. Akaitwa kutoka London Morell Mackenzie, ambaye mwaka 1863 alikuwa ameanzisha huko hospitali ya maradhi ya koo. Mackenzie akataka kwanza kipande kidogo cha uvimbe kichunguzwe. Kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, naye hakuona saratani ndani yake. Upasuaji ukaachwa. Lakini ilikuwa saratani. Mwezi wa Februari 1888 ilibidi atobolewe shingo ili apate kupumua, na sauti yake ikakoma. Alipotawazwa mwezi wa Machi alikuwa mfalme asiyeweza kusema, akiandika matakwa yake juu ya vikaratasi. Alitawala siku 99, akafa tarehe 15 Juni 1888. Aliyemrithi ni mwanawe Wilhelm II, na ni katika enzi ya huyo kwamba Wajerumani walipigana na Abushiri katika pwani ya Tanganyika, na mwaka 1890 wakapatana na Waingereza juu ya mipaka ya nchi zetu. Kama Friedrich angalipona mambo yangalikuwaje, hilo wanahistoria wamelibishania sana, na sina nia ya kulikata hapa. Matabibu wa Ujerumani na Uingereza walilaumiana kwa miaka mingi juu ya zoloto la mtu mmoja.

Wakati huo masikio na pua vilikuwa na historia zao mbali. Tabibu wa masikio alikuwa mtu wa namna yake. Vienna ilifungua kliniki ya masikio mwaka 1873, chini ya Adam Politzer na Josef Gruber, kliniki nyingine kabisa, yenye wakuu wake na wanafunzi wake. Elimu yake iliitwa otology. Pua ilikuwa kama yatima: mara nyingi iliangukia mikononi mwa madaktari wa koo, kwa sababu kioo kile kile kilichotazama chini kwenye zoloto kiliweza kugeuzwa kikatazama juu, nyuma ya pua.

Basi ni nini kilichovileta vipande vitatu katika neno moja? Jibu limo ndani ya kichwa chako. Bartolomeo Eustachi, tabibu wa Italia aliyekufa mwaka 1574, alieleza mfereji mwembamba unaotoka katika sehemu ya kati ya sikio mpaka nyuma ya pua, karibu na koo. Ukimeza mate ukasikia mlio mdogo masikioni, ni mfereji huo umefunguka. Mafua ya mtoto hupitia humo, na mama yake hushangaa kwa nini aliyekuwa akipiga chafya juzi leo analia akishika sikio. Daktari atibuye sikio peke yake, bila kutazama pua na koo, hufunga mlango mmoja na kuacha mingine miwili wazi. Kadiri matabibu walivyolielewa jambo hilo ndivyo kliniki zao zilivyosogeleana.

Waweza kuuona mshono wa muungano huo katika jina la chama kimoja cha matabibu wa Marekani kilichoundwa mwaka 1895. Kilijiita cha Laryngological, Rhinological and Otological: vivumishi vitatu vilivyosimama mbalimbali, koo likitangulia na sikio likija nyuma. Hapo vyumba vimekwisha kujengwa katika kiwanja kimoja, ila kuta bado hazijagusana. Katika neno letu refu vivumishi viwili vimevuliwa koti zao, sikio limekuja mbele, na mwisho mmoja wa ological unatumika kwa wote watatu. Kwa hiyo neno lenyewe, lijapokuwa refu, kwa kweli ni ufupisho. Yahesabu: la-ryn-go-lo-gi-cal ni silabi sita, rhi-no-lo-gi-cal tano, o-to-lo-gi-cal tano, jumla yake ni kumi na sita, nasi tumebaki na kumi.

Wamarekani wamezidi kupunguza. Aghalabu wao husema otolaryngology, pua ikaachwa nje ya jina ingawa haikuachwa nje ya matibabu. Nao Waingereza, ambao kwa desturi hawapendi kujisumbua, wamechukua herufi tatu tu, ENT, zinazosimama badala ya sikio, pua na koo, wakaziandika juu ya milango ya hospitali. Herufi hizo utaziona hata katika hospitali kubwa za Kenya.

Kuhusu García, aliishi miaka 101. Mwezi wa Machi 1905 alipotimiza miaka mia, matabibu wa koo walikusanyika London kumheshimu mwalimu huyo wa kuimba kuwa ndiye baba wa elimu yao. Alikufa mwaka 1906.

Na Kiswahili je? Lugha yetu nayo hujua kujenga maneno kwa vipande. Tazama neno hawakutibiwa. Limebeba watu, wakati uliopita, ukanusho na shina la Kiarabu, na likisemwa katika kijiji kilichopitiwa na ugonjwa, neno hilo moja huwa habari ya msiba mzima. Lakini vipande vyetu huungana zaidi katika kitenzi. Nomino zetu hatuzishoni pamoja kwa o. Badala ya kivumishi kirefu tunatumia kile kiunganishi kidogo cha a, tukasema kliniki ya masikio, pua na koo. Mwenye kupenda kuhesabu na ahesabu kuanzia ya: ya-ma-si-ki-o-pu-a-na-ko-o. Ni silabi kumi, sawasawa na zile za Kiingereza, ila mikazo ni mitatu, kila kiungo na wake: katika ki ya masikio, katika pu ya pua, na katika ko ya koo.